Maelezo Yangu Kuhusu Lile Yai

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, ambaye alikula pilau yangu mpaka ukoko, ameona vyema kusambaza ujumbe wa sauti wa dakika 4 akidai kwamba mtungi wa gesi ulilipuka nyumbani kwangu na kwamba mimi nilijificha chini ya meza, nalazimika kuandika maelezo haya hali pua yangu ingali imepakwa dawa ya kuungua. Mtungi haukulipuka. Lililolipuka ni yai. Na aliyekuwa chini ya meza ni yeye.

Ijumaa hiyo mke wangu alikuwa safarini, na baba mkwe, mwalimu wa fizikia aliyestaafu, alipita kwangu baada ya swala akiwa amevaa kanzu nyeupe ambayo hata nzi angeona haya kuitua. Katika friji mlikuwa na pilau ya jana yake na mayai matatu ya kuchemsha yaliyokwisha kumenywa. Juu ya kabati palikuwa na maikrowevu yetu mpya, ambayo mimi nilikuwa nimekwisha kujitawaza kuwa mtaalamu wake. Wanaonifuata watakumbuka niliwahi kuwahutubia humu kwamba karatasi ya foili hutoa cheche, kwamba kopo tupu la aiskrimu si chombo cha kupashia chakula kwa sababu hulainika na kujikunja, na kwamba vikombe vyenye ukingo wa rangi ya dhahabu vibaki kabatini. Hayo yote niliyasema, na yote ni kweli. Kuhusu yai sikusema neno, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza.

Basi nikaipakua pilau katika bakuli la kioo, nikainyunyizia maji kidogo, nikaifunika, nikaipasha, katikati nikaitoa na kuikoroga ili joto lienee, nikairudisha. Rafiki yangu alikuwa akinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwake kabla wala baada ya hapo. Kisha, kwa kuwa mayai yalikuwa ya baridi na mgeni ni mkwe, nikayapanga katika kisahani na kuyapa dakika moja na nusu. Yalitoka yakiwa yametulia, meupe, yanang'aa, yakiwa na upole wa watoto waliotoka kuogeshwa.

Naomba sasa msinikimbize, maana hapa ndipo penye kesi.

Baba alikuwa amekwisha kunawa na kukaa. Adabu ingetosha kumwekea yai zima karibu na mkono wake, lakini mimi nikaona nimkatie, ili akirudi aseme kwamba binti yake ameolewa na mtu anayejua kukarimu. Nikainama. Uso wangu ulikuwa kama shubiri moja kutoka kwenye sahani, wa Baba mbele yangu kidogo. Nikashika uma kwa mkono wa kulia. Nikasema, "Karibu, Baba." Meno ya uma yakagusa ngozi ya yai, yakaibonyeza, ngozi ikabonyea kidogo, na nakumbuka niliwaza kwamba yai hili limeiva vizuri. Meno yakapenya. Nilisikia mnong'ono mdogo, kama mtu anayevuta pumzi ili aseme jambo.

Halafu likasema.

Msije mkadhani natia chumvi kuhusu mlio. Wahandisi wa sauti nchini Marekani waliwahi kupasha karibu mayai 100 ya kuchemsha katika maikrowevu, na mwaka 2017 wakaeleza kwamba yale yaliyolipuka baada ya kutobolewa yalitoa mlio wa kati ya desibeli 86 na 133 kwa umbali wa sentimita 30. Mimi nilikuwa karibu zaidi ya hapo. Nilipofumbua macho, uma ulikuwa mkononi lakini yai halikuwepo duniani. Ute ulikuwa kwenye kope zangu. Kiini kilikuwa kwenye kofia ya Baba, kwenye ndevu za Baba, na kwenye kioo kimoja cha miwani ya Baba, kimetandazwa vizuri kama siagi. Sehemu nyingine ilikuwa imepaa hadi kwenye pangaboi, nalo, likiwa halina habari ya lolote, likaendelea kuzunguka na kutugawia awamu ya pili.

Baba hakusogea. Alivua miwani, akatafuta mahali pasafi kwenye kanzu yake, akapakosa, akaivaa tena vilevile. Kisha akaniuliza kwa sauti ya darasani: "Unajua kwa nini?"

Nikiwa nimeinamisha uso kwenye bomba la maji, nilifundishwa kwamba ndani ya kiini mna vijishimo vidogo vya maji, kwamba maji hayo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka kwa kuwa yamebanwa na hayajatikiswa, na kwamba uma wangu ndio uliyaruhusu yote yageuke mvuke kwa mara moja. Nilifundishwa pia kwamba kulitoboa yai mapema hakuleti uhakika, na kwamba anayetaka yai la moto alikate vipande kwanza au aliloweke katika maji ya moto. Akamalizia na Percy Spencer, yule Mmarekani aliyegundua upishi huu mwaka 1945, ambaye inasimuliwa kwamba yai lake la majaribio lilimlipukia mwenzake usoni. "Kwa hiyo, mwanangu, hata kosa lenyewe si lako."

Mengine ni mafupi. Pua ilikaa chini ya maji dakika 20, mayai mawili yaliyobaki tuliyaacha yapoe bila mtu kuyasogelea, Baba aliondoka na kanzu yangu, ambayo ilimfika magotini, na mke wangu alipata habari kwa ule ujumbe wa sauti kabla sijatunga uongo wowote. Amerudi juzi. Jana usiku aliwasha pangaboi, na kipande kikavu cha kiini kikadondoka katika chai yangu. Nilikitoa kwa kijiko, nikanywa.