Nani Anapima Wanga wa Ngano Yetu?

Juzi mtaalamu wa lishe alikuwa redioni akijibu maswali ya wasikilizaji kuhusu kisukari. Mama mmoja akapiga simu, akauliza kwa adabu zote kama kuna ngano isiyopandisha sukari sana, maana nyumbani kwake chapati hazikosi. Akajibiwa: "Mama, wanga ni wanga. Achana na chapati." Simu ikakatwa, akaingia mwingine. Hasira niliyopata bado ninayo.

Sisemi kupunguza chapati ni ushauri mbaya. Shangazi yangu ana sukari, amepunguza, na hali yake imekuwa afadhali. Hilo nalikubali. Lakini yule mama aliuliza swali la maana kabisa, swali ambalo watu wamelifanyia kazi maabara kwa zaidi ya miaka thelathini, akajibiwa kama mtoto.

Wanga wa ngano una sehemu mbili. Kwa ngano ya kawaida, kama robo tatu ni amilopektini na robo iliyobaki ni amilosi. Zote mbili ni glukosi iliyoungana. Tofauti ni umbo: amilopektini ni mwembe, matawi kila upande, amilosi ni mnazi, umenyooka. Penye matawi mengi pana ncha nyingi, na vimeng'enya vya tumboni hupata pengi pa kushika, kwa hiyo sukari huingia damuni haraka. Amilosi hulaliana ikashikana, na sehemu yake hupita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa, ikafika utumbo mpana kuwalisha bakteria wa huko. Unga mmoja, wanga mbili, na mwili unazipokea tofauti.

Anayeamua punje iwe na kiasi gani cha kila moja ni jeni. Kuna kimeng'enya kinachojenga amilosi, na kuna vingine vinavyoweka matawi. Kile cha kujenga amilosi kikikosekana kabisa, unapata ngano ambayo wanga wake karibu wote ni amilopektini. Ngano hiyo ipo. Wajapani waliitangaza mwaka 1995, baada ya kuchanganya Kanto 107 na ngano ya Kichina iitwayo Bai Huo. Unaweza kuitambua kwa macho: kata punje katikati, dondoshea iodini. Ya kawaida hugeuka buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Hii hugeuka hudhurungi yenye wekundu. Wazalishaji wa mbegu hufanya hivyo kwa nusu ya punje isiyo na kiini, na nusu yenye kiini wakaipanda. Kipimo hicho hakidai mashine ya mamilioni.

Kwa nini Wajapani walihangaika hivyo? Kwa sababu ya udon, tambi zao nene. Kwa miaka mingi walinunua ngano ya Australia Magharibi na kusisitiza aina fulani fulani, kama Eradu na Cadoux, kwa sababu tambi zake zilikuwa laini na zenye mvuto mdomoni. Wanasayansi walipochunguza wakakuta ngano hizo zimekosa nakala moja kati ya tatu za jeni ya amilosi, ile iitwayo Wx-B1. Upungufu wenyewe unashusha amilosi kwa asilimia chache tu, na walaji walikuwa wameuonja kabla ya mtu yeyote kuujua. Mnunuzi alisema anachotaka, mkulima akasikia, mtafiti akaenda kutafuta jeni. Sisi tunanunua ngano ya nje kila mwaka, Kenya na Tanzania zote mbili, meli kwa meli. Tunauliza protini, unyevu, na kama punje zimeanza kuchipua. Amilosi haiulizwi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ngano ya mkate ni mjukuu wa nyasi tatu. Imerithi kromosomu za wote watatu, seti ya A, ya B na ya D, jumla 42, na karibu kila jeni inayo mara tatu. Ndiyo maana siri zake zilichelewa kufichuka. Mendel, mtawa aliyeanzisha sayansi ya urithi, aliona njegere zenye mikunjo na zile laini shambani mwake, bila darubini yoyote. Mwaka 1990 watafiti wa Norwich, Uingereza, walionyesha kwamba mikunjo ile inatokana na kuharibika kwa jeni moja ya kimeng'enya cha kuweka matawi kwenye wanga. Jeni moja ikaharibika, njegere ikajikunja, mtu akaona. Kwa ngano hilo halitokei. Nakala ya A ikiharibika, ya B na ya D zinafanya kazi yake, na punje inatoka kama wenzake. Mkulima angeweza kupanda ngano maisha yake yote, yenye hitilafu ile ile ya Mendel, asiione kamwe. Ilibidi mtu aamini kwamba kitu kipo kabla ya kukiona, akitafute kwenye seti ya A, kisha B, kisha D, halafu akusanye hitilafu tatu kwenye mmea mmoja.

Na watu wamefanya hivyo. CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, ilionyesha mwaka 2006, kwanza kwa kuinyamazisha jeni maabara, kwamba kimeng'enya cha matawi kiitwacho SBEIIa kikizimwa pamoja na ndugu yake SBEIIb, amilosi hupanda kupita asilimia 70. Kisha wakaifanya upya bila uhandisi wa jeni: mabadiliko ya jeni yaliyotafutwa ndani ya ngano yenyewe, mimea ikachavushwa kama ilivyochavushwa siku zote. Unga wake unauzwa Marekani. Nalisisitiza hili kwa sababu huku kwetu, ukitaja jeni na ngano pamoja, mjadala unahamia GMO, mazao yaliyopandikizwa jeni, hapo hapo, na tangu serikali ya Kenya ilipoondoa marufuku yake Oktoba 2022 watu hawasikilizani tena. Hii haina jeni ya kiumbe kingine. Ina jeni tatu za ngano zilizoacha kufanya kazi, basi. Mwaka 2019 majaribio ya mkate wake yalichapishwa: sukari ya damu haikupanda sana kama kwa mkate wa kawaida.

Najua pingamizi. Wale waliojaribiwa walikuwa watu wazima wenye afya, si wagonjwa wa kisukari, na walikula mkate, si chapati iliyokunjwa na mafuta. Kweli. Unga wenye amilosi nyingi hunywa maji zaidi na mkate wake hauumuki vizuri. Kweli pia, ingawa chapati haihitaji kuumuka, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mtafiti wa kwetu ajaribu. Punje huwa nyepesi kidogo, na mkulima analipwa kwa kilo. Hilo ndilo zito kuliko yote, na sina jibu lake isipokuwa kwamba msagaji alipe zaidi.

Na kuna kutu. Baada ya Ug99, aina kali ya ugonjwa wa kutu ya shina, kuonekana Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, kituo cha utafiti cha Njoro, Kenya, kimekuwa uwanja wa dunia: ngano za nchi nyingi huletwa pale zipigwe na kutu ya shina, ionekane ipi inasimama. Kazi ile imeokoa mashamba, wala sitaki shilingi moja itolewe huko. Bila ngano kusimama hakuna wanga wa kujadili. Lakini kutu ikimalizwa kwenye mbegu, mbegu ile inaliwa na watu, na watu wale wana kongosho, kiungo kinachodhibiti sukari ya damu.

Ninachoomba kwanza ni kidogo: kila aina mpya inapopitishwa, kiasi cha amilosi kiandikwe pamoja na mavuno na siku za kukomaa. Pili, mmoja wa wazalishaji wetu achukue mbegu inayostahimili kutu, aichanganye na ngano yenye hitilafu tatu za SBEIIa. Kizazi cha pili, mche mmoja kati ya 64 utakuwa umerithi zote tatu kutoka pande zote mbili. Kwa kipimo cha DNA unatambulika ukiwa bado na majani mawili, na ile 63 haina haja ya kumaliza msimu shambani. Kisha uchanganywe tena na mbegu ile inayostahimili kutu, mara kadhaa, hadi ustahimilivu wa kutu na mavuno yarejee. Hiyo ni miaka ya kazi ya kawaida ya kuzalisha mbegu, kazi ambayo Njoro wanaijua.