Laptopu ya jenereshen ya sita: ilazimishwe Windows 11 au ihamie Linux?

Dada yangu ni mwalimu wa kemia sekondari, ana HP EliteBook 840 G3 ya mtumba aliyonunua Kariakoo, Core i5 ya jenereshen ya sita, ram giga 8, SSD, na mashine haina tatizo lolote, inawaka haraka na betri bado inahimili. Tatizo ni kwamba ina Windows 10, na Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Alipoona ule ujumbe wa kwamba mashine yake haina vigezo vya Windows 11 akaipeleka kwa fundi, fundi akamwambia acha hapa nakupigia eleven, kesho uje uchukue. Ndo akanipigia simu, mdogo wangu nikubali au nikatae?

Nimelifikiria sana hili maana najua nyumba nyingi zina mashine kama hiyo hiyo.

Tuanze na fundi, maana hajadanganya. Windows 11 inaingia kweli kwenye G3, unatengeneza flashi kwa Rufus (programu ya bure ya kuandaa flashi ya kupigia window), unaondoa ule ukaguzi wa TPM (chipu ya usalama) na prosesa, na ndani ya saa moja umemaliza. Tena nyingi ya hizi mashine zina TPM ndani, kinachozikataza ni kwamba prosesa haimo kwenye orodha, kwa Intel orodha karibu yote inaanzia jenereshen ya nane. Microsoft wanasema ni kwa ajili ya usalama, na kuna ukweli, chipu mpya zina ulinzi ambao za zamani hazina au zinaufanya kwa kujikokota. Lakini mtu aliyenunua laptopu kwa kujinyima akiambiwa ni ya kutupa wakati inafanya kazi vizuri, anaumia, na ana haki ya kuumia.

Sasa ubaya wa kulazimisha. Kwa sasa apdeti za kila mwezi zinaingia hata kwenye mashine zilizolazimishwa, ila Microsoft wamesema wazi hawakuhakikishii. Na toleo la kila mwaka haliji lenyewe, Windows 11 Home kila toleo linahudumiwa miezi 24 tu, yakiisha inabidi ushushe giga kadhaa na kurudia ile ile njia ya Rufus. Dada yangu hataikumbuka tarehe hiyo. Fundi naye hatampigia. Na tayari ilishatokea, toleo la 24H2 lilipotoka mashine za zamani kabisa za enzi za Core 2 Duo ziligoma kuwaka kabisa kwa sababu prosesa hazikuwa na maelekezo fulani, hakuna ujanja uliosaidia. G3 haikuguswa, lakini umeona mlango unavyofungwa.

Kuna kitu kingine kinachoniuma zaidi ya toleo, nacho ni hii tabia yetu ya kupiga window halafu kuzima apdeti ili zisile bando, na kuweka akitiveta ya bure (programu ya kukwepa leseni) ambayo inakuomba kwanza uzime Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe. Hapo umepata Windows 11 ya sura tu. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipopita kikafunga mafaili ya watu kwenye nchi zaidi ya 150, mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu, mashine nyingi zilizoliwa zilikuwa Windows 7 ambayo wakati ule ilikuwa bado inahudumiwa kabisa! Dawa ilishatolewa Machi, miezi miwili kabla, watu hawakuiweka. Kwahiyo mi swali langu la kwanza kwa mtu yeyote sio una toleo gani, ni je mashine yako inapokea apdeti na itaendelea kupokea mpaka lini.

Kwa kipimo hicho Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, inashinda bila ubishi. Linux Mint 22, moja ya aina za Linux, inahudumiwa hadi 2029, haina leseni wala akitiveta, inatosha kwenye ram giga 4 na hiyo G3 yenye 8 inapumua kabisa. Kuishusha ni karibu giga 3 na unaweza kuijaribu kwenye flashi bila kugusa chochote ndani ya diski. Na zile virusi vya shotikati zinazozunguka kwenye flashi za walimu, zinazoficha mafolda yote, kule hazifanyi kitu.

Lakini hapa ndo watu wa Linux tunapokosea, tunahubiri tu usalama na kusahau kazi ya mtu. Kazi ya dada ni mitihani. Akiandika barua au notsi LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi ya Word, inatosha, hata fonti ya Liberation Serif imepimwa upana sawa na Times New Roman ili kurasa zisihame. Ila mtihani wa kemia una michoro aliyoichora kwa maumbo ya Word, mishale, boksi za maandishi, jedwali ndani ya jedwali, na hapo ndo vitu vinahama, lebo ya bureti inakuja kukaa juu ya chupa. Halafu yeye sio wa mwisho, faili linaenda kwa mwalimu wa taaluma ambaye anafungua kwa Word na kuprinti kopi za shule nzima. Kosa likipita pale, wanafunzi ndo wanaumia kwenye chumba cha mtihani. Huwezi kumwambia mtu kama huyo hama tu utazoea.

Kwa anayenunua sasa hivi mambo ni mepesi, chukua jenereshen ya nane kwenda juu, na usidanganyike na jina la modeli maana modeli moja inaweza kuwa na prosesa tofauti, soma namba yenyewe: i5-6300U ni ya sita, i5-8250U ni ya nane.

Dada nimemwambia akatae. Windows 10 yake ina njia halali ya kupata apdeti za usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ni dola 30 au bure ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu isevu mipangilio yako kwao, amechagua hiyo ya bure na tumewasha apdeti zote, bando tutachangiana. Fundi amenuna kidogo, namwelewa, ni riziki yake. Likizo ya Juni nampelekea flashi ya Mint atunge mtihani mmoja mzima humo, amtumie mwalimu wa taaluma aufungue kwenye Word yake kabla ya kuprinti. Mchoro wa bureti ukifika mzima anahama, ukifika umevunjika tunaanza kutafuta hela ya mashine ambayo namba yake inaanzia na 8.