Sakafu ya nyonga ina nafasi kliniki ya mifupa

Misuli ya sakafu ya nyonga, yaani ile ya chini kabisa ya kiwiliwili inayobeba kibofu, kizazi na njia ya choo, huzungumzwa zaidi wodi ya wazazi, au mkojo unapoanza kumtoka mtu bila hiari. Sasa kuna wafiziotherapia, wataalamu wa kutibu kwa mazoezi na mikono, wanaosema misuli hiyo ichunguzwe pia kwa mgonjwa wa mgongo, nyonga au kifandugu (ncha ya chini ya uti wa mgongo), maradhi ambayo wengi wetu huyapeleka moja kwa moja kwa daktari wa mifupa. Wapo madaktari wanaowaunga mkono, na wapo wanaoona kwamba madai yametangulia ushahidi. Mimi niko upande wa wafiziotherapia, ila si kwa kila wanalosema.

Hoja yao ina nguvu zaidi kwenye maumbile yenyewe. Misuli hii imetandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, na sehemu yake imejishikiza kwenye utando wa msuli wa ndani unaozungusha paja. Ndiyo maana nyonga ikiumwa, sakafu nayo mara nyingine hukakamaa. Kiwiliwili ni kama debe: kiwambo cha kupumulia, msuli ulio chini ya mapafu, ndicho mfuniko, misuli ya tumbo na mgongo ndizo kuta, sakafu ya nyonga ndiyo kitako. Unapobeba ndoo ya maji, shinikizo la ndani hupanda, na pande zote hukaza pamoja ili uti wa mgongo upate egemeo. Mwaka 2007 watafiti wa Australia, akiwemo Paul Hodges, walionesha kwamba sakafu hii hukaza mtu anapotaka kunyanyua mkono, kabla mkono wenyewe haujaondoka.

Kuna kipimo kimoja cha kliniki kinachoonesha jambo hili waziwazi. Mama aliyejifungua, ambaye bado anaumwa nyonga, analazwa chali na kuambiwa anyanyue mguu ulionyooka sentimita 20 tu kutoka kitandani. Mguu unakuwa mzito kama si wake. Mtaalamu anamkandamiza nyonga kwa viganja kutoka pande zote mbili, anamwambia ajaribu tena. Safari hii mguu unapanda kwa urahisi. Eksirei haiwezi kukuonesha hilo. Kinachopungua hapo ni nguvu ya kuishika nyonga, na nguvu hiyo hujengwa kwa mazoezi. Nchini Norway, utafiti wa Britt Stuge na wenzake uliotoka mwaka 2004 uliwafuata wanawake 81 wenye maumivu ya aina hii. Waliopewa mazoezi mahususi ya kuimarisha misuli ya ndani kwa wiki 20 walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata fiziotherapia ya kawaida, na nafuu hiyo ilidumu miaka miwili.

Wenye shaka nao wana la kusema, na nadhani wasikilizwe. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2018 uliwakuta asilimia 95 ya wanawake wenye maumivu ya kiuno na nyonga wakiwa na kasoro fulani ya sakafu ya nyonga. Takwimu hiyo inapendwa sana mitandaoni, lakini mambo mawili kukutana kwa mtu mmoja hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Kwa maumivu ya mgongo ya kawaida, matokeo yanapingana: utafiti wa China wa mwaka 2013 uliona faida ya kuongeza mazoezi ya sakafu ya nyonga, ule wa Iran wa mwaka 2011, wenye wanawake 20 tu, haukuona tofauti. Idadi ndogo kama hizo hazitoshi kumaliza ubishi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ushauri wa jumla wa "kaza, hesabu hadi kumi, achia", unaotokana na mazoezi aliyoyatangaza daktari wa Marekani, Arnold Kegel, mwaka 1948. Yeye alikuwa akitibu misuli iliyolegea. Lakini wagonjwa wengi wa maumivu misuli yao imekaza kupita kiasi: tendo la ndoa linauma, choo kigumu, kifandugu kinachoma wakikaa kwenye kiti. Hawa wanahitaji kufundishwa kupumua na kulegeza, na kumwambia mtu wa namna hiyo akaze zaidi ni kumuongezea maumivu. Hapo ndipo mtaalamu anapohitajika, na uchunguzi wa ndani, wa kidole ukeni au njia ya haja kubwa, ufanywe baada ya maelezo na ridhaa, mgonjwa akiwa na haki ya kukataa na bado akatibiwa.

Tena tiba hii isicheleweshe utambuzi wa ugonjwa mwingine. Kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo kwetu, na hakitibiwi kwa mazoezi. Mtu mwenye maumivu ya mgongo aliyeanza ghafla kufa ganzi sehemu za siri na kushindwa kuzuia au kutoa mkojo aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mishipa ya fahamu huenda imebanwa na kuchelewa kunaweza kumuachia ulemavu wa kudumu.

Zikishaondolewa hatari hizo, sioni sababu ya daktari wa mifupa kuacha kuuliza kuhusu mkojo, choo, uzazi na tendo la ndoa. Ni maswali ya dakika mbili. Majibu yakielekea kwenye sakafu ya nyonga, ampeleke mgonjwa kwa mfiziotherapia aliyefunzwa, aweke tarehe ya kumuona tena, na kama hakuna nafuu amchunguze upya badala ya kumrudisha kwenye mazoezi yale yale.