Sura Moja, Nguo Nyingi

Nikitazama michoro ya zamani ya Thanjavur, kusini mwa India, jicho langu hukimbilia kwa mgema. Ana kamba ya kupandia, kisu cha kugemea, na vyungu vya tembo. Kando yake kasimama mkewe, kajifunga sari. Fungua ukurasa wa pili ukutane na mfinyanzi na mkewe, halafu kinyozi na mkewe, halafu mfumaji na mkewe. Wawili wawili, na nyuma yao uwazi mtupu.

Wateja wakubwa wa albamu hizi, tangu mwishoni mwa karne ya 18, walikuwa maofisa wa Kampuni ya India Mashariki, ile kampuni ya biashara ya Waingereza, waliotaka kupeleka kwao Uingereza picha za kazi na mavazi ya wenyeji. Mafundi ambao ukoo wao wa sanaa ni wa majumba ya kifalme wakageuza mkono: karatasi ya Kizungu, rangi ya maji, vivuli. Kazi yao naipenda mno. Kinachoniuma ni kwamba mpaka leo makumbusho huiita sanaa ya Kampuni, kana kwamba aliyelipa ndiye aliyeshika brashi. Mchoraji Sewak Ram wa Patna alikuwa na jina. Mchoraji Yellapah wa Vellore alikuwa na jina. Na yule mgema? Ameandikiwa kazi yake au tabaka lake, basi.

Wala haikuwa lazima. Kati ya 1815 na 1819, William Fraser, ofisa wa Kampuni huko Delhi, aliwaagiza wachoraji wamchoree watu aliowafahamu, wakiwemo wanakijiji wa Rania, na wengi waliandikwa kwa majina yao. Hao nikiwatazama naona watu: huyu ana ndevu zake, yule ana namna yake ya kusimama. Ndiyo maana nasema albamu ya Fraser inazipita zote.

Kisha kuna picha za ulanga, lile jiwe linalobanduka kama karatasi angavu. Nyingine ziliuzwa kwa seti: kadi moja yenye kichwa, na vipande vya ulanga vilivyochorwa nguo tu, mahali pa uso pakiachwa wazi. Unalaza kipande juu ya kadi, anakuwa mtumishi. Unakiondoa, unalaza kingine, uso ni uleule, sasa ni askari.