Ringi moduleta haijaharibu gita la mtu

Mpiga solo wa Tabora akifika mazoezini na pedali ya ringi moduleta, wenzake huwa na neno moja tu: inalitoa gita nje ya ufunguo wa wimbo. Wana haki. Tatizo ni kwamba kesi inafungwa hapo hapo.

Kolasi (pedali ya kunenepesha sauti) au dile (ya mwangwi) huichukua noti uliyopiga na kuipamba. Hii haipambi. Ndani yake kuna sauti ya pili inayolia mfululizo, nayo huzidishwa na ya kwako. Zinazotoka ni jumla na tofauti ya masafa ya hizo mbili, yaani mitetemo yao kwa sekunde (Hz). Noti yenyewe uliyopiga haisikiki tena. Piga A ya 440 Hz, ya ndani ikiwa 220: unapata 660 na 220, yaani E na A, tamu kabisa. Sasa panda D ya 587 bila kugusa kitufe cha sauti ya ndani. Zinakuja 807 na 367. Hiyo 807 imeangukia katikati kabisa ya funguo mbili za kinanda, na 367 ni F shapu iliyolegea. Mpiga rithimu akishika kodi, yaani noti za kupigwa pamoja, zikiwa nne zinatoka nane. Nyimbo zetu za dansi huzunguka kodi tatu mpaka watu wachoke kucheza, na pedali haikufuati hata hatua moja.

Lakini nani aliwahi kumuuliza mpiga manyanga yuko ufunguo gani? Njuga nazo zinalia bila kujali kodi, na ngoma inanoga. Majirani zetu Wagogo hubandika utando wa buibui kwenye tundu la ilimba, ala yao ya vijino vya chuma, makusudi, ili ikwaruze. Sikio letu halijawahi kuogopa sauti chafu. Lilichozoea ni gita safi, basi.

Na kitufe kipo ili kizungushwe. Stockhausen, mtunzi wa Ujerumani, katika Mantra ya mwaka 1970 kwa piano mbili, aliibadilisha sauti ya ndani kila sehemu ili ifuatane na noti kuu ya sehemu hiyo. Ukiishusha chini ya 20 Hz, gita linatetemeka tu na ufunguo unabaki salama. Wanaoilaani wengi hawajawahi kuishusha huko.

Harusini, hapana. Isevya, hapa Tabora, nilimwona fundi mitambo akichomoa na kuchomeka jeki ya gita katikati ya wimbo, akidhani waya umekatika, na aliyelipia bendi alilipia nyimbo anazozijua. Ila kwenye sebene, besi na dramu zikishikilia, mizunguko minne ya sauti hiyo inaamsha ukumbi kuliko solo ile ile ya kila Jumamosi. Mwenye fedha ya pedali moja anunue dile. Ya pili ndiyo hii.