AI kwenye makala za kitaaluma: kosa liko wapi hasa?

Mwezi wa 3 mwaka 2024 watu walikuta makala ya betri za lithiamu kwenye jarida la Surfaces and Interfaces la kampuni ya uchapishaji ya Elsevier, na utangulizi wake unaanza hivi (kwa Kiswahili chetu): "Hakika, huu hapa utangulizi unaoweza kufaa kwa mada yako." Yaani jamaa wamekopi jibu la chatibot ya AI zimazima wakapesti. Sawa, hao wazembe, ila makala imepita kwa waandishi wenza, wahakiki na mhariri, na hakuna hata mmoja aliyesoma mstari wa kwanza??

Wanaotaka AI ibanwe wana hoja nzito. Wizi wa maandishi wa zamani ulikuwa na ushahidi, unaweka maandishi mawili sambamba unaonyesha nani kaibiwa. Wezi walihangaika kubadilisha maneno kwa programu mpaka saratani ya matiti ikawa "hatari ya kifuani", vituko hivyo mtafiti Guillaume Cabanac na wenzake walivianika 2021. Leo maandishi yanatoka mapya, huna cha kulinganisha, na kibaya zaidi ni marejeo hewa: mwandishi yupo, jarida lipo, ila hiyo makala haijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Kwangu mimi hilo limezidi hata kukopi, maana aliyekopi angalau kashika kitu kilichopo.

Ila sasa njoo upande wa pili. Wengi wetu huku Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu, mwenye hela anamlipa mhariri, asiye nayo anarudishiwa makala anaambiwa lugha mbovu hata kama data zake ziko poa. Huyu akitumia AI kunyoosha sarufi tu kaiba nini na kamwibia nani? Halafu hizo mashine za kukamata maandishi ya AI, yaani vitambuzi, zenyewe ndo balaa. Watafiti wa Stanford mwaka 2023 walijaribu vitambuzi 7 kwenye insha 91 za TOEFL (mtihani wa Kiingereza kwa wasio wazawa wa lugha hiyo) zilizoandikwa na watu kabisa, kwa wastani zaidi ya nusu zikaambiwa ni za AI, wakati insha za wanafunzi wa Marekani zilipita karibu zote. OpenAI walitoa kitambuzi chao Januari 2023, Julai wakakiondoa wenyewe kwa kukosa usahihi. Chuo cha Vanderbilt cha Marekani nacho kikazima kile cha Turnitin, programu ya kukagua kazi za wanafunzi, walipiga hesabu kwamba kwa kazi 75,000 za mwaka mmoja, kosa la asilimia 1 tu ni kazi kama 750 zinazosingiziwa. Na bado kuna supavaiza anaona rangi kwenye ripoti ya kitambuzi anakataa desertesheni hapohapo, hata kumuita mwanafunzi amuulize hataki.

COPE, ile kamati ya maadili ya uchapishaji, ilishasema Februari 2023 kwamba AI haiwezi kuwa mwandishi kwa sababu haiwajibiki, na anayeitumia aseme kaitumiaje. Mi nakubali, ingawa tuseme ukweli, ukikiri tu mhakiki anaanza kukutilia shaka, kwa hiyo watu wananyamaza.

Ningekuwa na uamuzi ningeachana na asilimia za mashine, nichukue marejeo matano nimuulize mwandishi kila moja linasema nini. Na majarida yanayotoza dola 2,000 na zaidi kuchapisha makala moja hayashindwi kumlipa mtu abonyeze marejeo moja moja aone kama yapo.