Tusiilaumu simu peke yake

Kila yanapozuka mazungumzo ya vijana na usomaji hapa Mombasa, hukumu huwa imeshapita: simu imewaharibu. Vuka Likoni jioni uone ushahidi wenyewe. Mamia wamesimama kungoja feri, na kila kijana kainamia simu yake, kidole kikipandisha video moja baada ya nyingine. Lawama hiyo ina uzito. Riwaya hutaka uvumilivu wa kurasa kadhaa kabla haijakunasa. Video hukunasa papo hapo. Mwalimu asemaye wanafunzi wake huchoshwa na aya ndefu hasemi uongo, wala simlaumu mzazi anayeifungia simu kabatini usiku.

Lakini kijana huyo akiitia simu mfukoni, mkononi atashika nini?

Ingia duka la vitabu mjini. Rafu zimejaa vitabu vya kiada, vya marudio ya mitihani na vile teule vya shule. Riwaya ya Kiswahili ya kusoma kwa raha tu utaitafuta mpaka uchoke. Ukiipata, tazama bei. Tangu sheria ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya 2013, vitabu hutozwa kodi hiyo kwa asilimia 16. Riwaya ambayo ingeuzwa shilingi 800 inafika 928. Hizo 128 zimenikaa kichwani muda mrefu. Mwenye mshahara huenda asizihisi. Kijana wa Kisauni anayeishi kwa vibarua huzihisi, na huo ndio wakati anapokirudisha kitabu rafuni. Mkate wa kawaida hautozwi VAT, maana sote twakubali kwamba watu sharti wale. Kitabu hakijapata huruma hiyo. Aprili 2020, wakati wa korona, VAT ilishushwa hadi asilimia 14, kitabu nacho kikapata nafuu kwa sababu tu kila kilichotozwa kilipata. Januari 2021 ikarudi 16. Video, nayo, yamfikia kijana kwa bando la shilingi chache.

Huambiwa pia kwamba vijana wa zamani walipenda maandishi kuliko hawa. Sina hakika. Mashairi ya Muyaka, malenga wa Mombasa aliyefariki 1840, yaliishi kwanza vinywani mwa watu, yakighaniwa na kukaririwa, ndipo baadaye Mwalimu Sikujua, msomi wa Mombasa, akasaidia kuyakusanya. Mji huu ulipenda maneno kwa sababu yalikuwa karibu, na hayakuwa na bei.

Na kiu ya kusoma ipo. Katika maktaba ya umma iliyo barabara ya Msanifu Kombo utawakuta vijana wamekaa kimya, saa nzima hawajainua kichwa. Wengi wamekuja na vitabu vyao vya shule. Walichofuata hapo ni meza na utulivu. Wangekuta na riwaya mpya karibu na meza hiyo, baadhi yao wangezichukua.

Katiba ya 2010 iliorodhesha maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Bajeti ijayo ya Kaunti ya Mombasa itakaposomwa, nataka kusikia ni shilingi ngapi zimetengwa kununulia vitabu ambavyo havitahiniwi.